Tumbo Langu na Kibuyu cha Nyamizi

Jumanne, 8 Julai 2025

Siku ya ishirini na tatu bila Zuwena. Mke wangu alikwenda Tinde kumuuguza dada yake goti. Alisema siku nane. Goti gani linauguzwa siku ishirini na tatu? Hata la tembo lingekuwa limepona.

Nimempigia saa tatu asubuhi. Nikamwuliza anarudi lini. Akasema goti bado. Nikamkumbusha kwamba dada yake ana mabinti watatu wa kumkanda. Akasafisha koo. Kisha akasema nyumba yetu ina ukimya mwingi, Baba Samia. Akakata simu kwa sababu uji wake ulikuwa unafurika.

Nimelifikiria neno hilo mpaka adhuhuri. Ukimya! Tumbo langu hili linanguruma kama mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Tangu Ramadhani halijatulia. Nikila maharage, hata paka wa jirani anahama. Basi Zuwena alikuwa anasema kinyume, kwa adabu. Mwanamke mwenye heshima hawezi kumwambia mumewe kwamba amelikimbia tumbo lake. Nimeng'amua! Sikukaa miaka ishirini na miwili nikilinda lango la mgodi bure. Mtu akifunga mdomo, mimi najua anaficha nini.

Mpango: kuponya tumbo. Tumbo likitulia, Zuwena anarudi. Rahisi kabisa.

Nimepika chai ya jioni. Nimemimina vikombe viwili tena, kwa mazoea. Nimevinywa vyote viwili.

Jumatano, 9 Julai

Zahanati. Dokta Loveness ni binti mdogo, umri wa Samia wangu, lakini ana macho ya mkaguzi. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, akaniuliza nimekunywa dawa gani mwaka huu. Nikamtajia kwa fahari. Vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua vijidudu, dozi nne tangu Ramadhani. Moja kwa ajili ya tumbo, moja kwa mafua, moja nilihisi tu kuna kitu kinakuja, na moja ilikuwa karibu kuisha muda wake nikaona isipotee.

Akashika kichwa. Akasema sina ugonjwa wa kuambukiza, nimejimaliza mwenyewe.

Akachukua kalamu akanichorea nyuma ya kadi ya kliniki. Utumbo, akasema, una ukuta mwembamba, na nyuma ya ukuta huo ndiko walikojaa askari wa mwili, seli za kinga, wengi kuliko mahali pengine popote. Baadhi yao hupenyeza mikono katikati ya ukuta, wakamwonja kila anayepita. Bakteria rafiki wakipita, mkono unawagusa, seli inakwenda kutoa taarifa kwa wenzake, na huko nyuma zinafundishwa seli nyingine ambazo kazi yao ni kuwatuliza askari wasirukie kila kitu. Nikamwambia hiyo naijua, ni kama sisi langoni. Akasema ni kama nyinyi langoni, ila hawa huwa wanajifunza.

Sikuelewa alimaanisha nini, nikaandika tu.

Dozi zangu nne, akasema, ziliua wapita njia wote, wabaya na wazuri. Askari wakabaki hawaoni mtu. Sasa likipita harage moja, wanaliona jambazi, wanafyatua. Nikauliza dawa. Akasema niache vidonge mpaka nitakapoandikiwa na mtu aliyesomea, nile mboga, na nijaribu maziwa mgando kila siku. Kila siku, kwa sababu bakteria wale hawahamii. Wanapita kusalimia tu, na wasiporudi askari wanawasahau. Akaonya kwamba si muujiza. Wengine huwasaidia, wengine hawaoni tofauti, na wataalamu wenyewe bado wanachunguza. Akasisitiza pia maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yagandishwe.

Wakati natoka akaniuliza nyumbani nakula na nani. Nikamwambia nakula kwa usalama.

Ijumaa, 11 Julai

Tatizo: maziwa mgando bora hapa Segese nzima yapo kwa Jilala.

Jilala ni jirani yangu. Tunatenganishwa na fensi ya minyaa tu. Ana ng'ombe, ana watoto, ana wageni. Wageni! Watu hawakatiki pale. Jana nimehesabu kumi na mmoja kabla ya adhuhuri, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa anatoka wapi. Wanaingia tu. Wanasalimu kwa Kisukuma, mwangaluka, wanapewa kigoda na maziwa, wanakunywa kwa kata moja kwa zamu, wanacheka. Kitu gani kinachochekesha kila siku? Nimesimama nyuma ya minyaa nikisikiliza. Sijapata kujua.

Baada ya sala ya Ijumaa nikameza fahari yangu nikamwendea mkewe, Nyamizi. Hakunicheka. Akasema ngoja, Baba Samia, nitakuletea mwenyewe. Na kweli akaja, na kibuyu kidogo cheusi kwa moshi. Akasema kilikuwa cha mama yake kule Mhunze, kina maziwa, na chini kimebaki kile cha kugandishia. Nikiyamaliza nisikisafishe, niongeze tu maziwa mengine yaliyochemshwa na kupoa. Kibuyu kitafanya kazi chenyewe.

Nikamshukuru sana. Kisha nikamletea Daftari la Wageni.

Hili daftari nimelianzisha nilipostaafu. Jina, anakotoka, sababu ya kuja, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Sitaki nyumba yangu iwe stendi. Wanawake waliokuja kusoma dua na Zuwena walikuwa wakijaza vizuri mwanzoni, halafu wakawa wanapungua, halafu wakaacha. Wana uvivu wa kuandika. Nyamizi akasoma sehemu ya sababu ya kuja, akaandika "maziwa", akaondoka bila kukaa. Nilikuwa nimemwandalia kiti.

Hakuna jina jingine mwezi huu. Hapana, lipo langu. Jumatatu nilitoka kwenda sokoni, niliporudi nikajiandikisha ili mazoea yasipotee. Sababu ya kuja: nakaa hapa.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekikagua kibuyu. Kwanza nje, kisha nikanusa. Moshi, uchachu, kitu cha ng'ombe. Nikajiuliza: ni akina nani hasa wamo humu? Nyamizi hawajui majina. Dokta hajawaona. Mimi niwaruhusu maelfu kwa maelfu wavuke lango langu bila ukaguzi?

Haiwezekani. Nimeyamimina kwenye sufuria nikayachemsha, dakika ishirini kamili kwa saa ya ukutani.

Dokta alisema yachemshwe. Kwanza au baadaye, moto ni moto.

Yamekuwa madonge na maji ya kijani. Nimekula kwa kijiko nimefumba macho. Ladha ya mpira wa viatu. Lakini salama!

Jumapili, 13 Julai

Tumbo: vilevile. Labda zaidi.

Nimekwenda zahanati, nikamkuta Dokta Loveness ndiyo kwanza anafika kutoka kanisani. Nikamweleza kwa kifupi. Akauliza kama nimewachemsha bakteria. Nikasema nimewahakiki. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema hata waliokufa wanabaki na alama zao mwilini, na seli huenda zikazitambua kidogo, lakini mimi nimewapelekea askari wangu maiti halafu nategemea mazungumzo.

Mimi nimelishika neno moja tu: zinazitambua. Kwa hiyo njia yangu inafanya kazi! Polepole tu.

Kwa tahadhari nimemeza kidonge kimoja cha rangi mbili, cha mwisho katika pakiti, ili kama kuna aliyepona kwenye moto asipite bila kuonwa. Dokta hahitaji kujua.

Alasiri ndiyo saa mbaya. Asubuhi mtu anafagia, anachota maji. Alasiri hakuna cha kufanya. Zuwena alikuwa na kikohozi kidogo cha kusafisha koo kabla ya kusema jambo. Leo nimekisikia, nikageuka, kumbe ni mbuzi wa Jilala. Nimekaa chini nikalia kidogo. Naandika ukweli kwa sababu daftari hili, si lile la wageni, hakuna anayelisoma.

Jumatatu, 14 Julai

Siku mbaya. Niandike haraka.

Niliamua kumrudishia Nyamizi kibuyu chake. Mtu mwenye malezi harudishi chombo kichafu, hilo mama yangu alinifundisha kwa fimbo. Nikakitazama ndani: cheusi, kina utando, kina harufu. Aibu! Nikaingiza maji ya moto, sabuni ya unga, na jiki vifuniko viwili. Nikakisugua kwa mchanga na kipande cha waya. Nikakisuuza mara saba. Kikatoka kinanukia hospitali. Nikakipeleka mwenyewe, nimevaa shati jeupe, na moyoni nilijua nitakaribishwa kukaa.

Nyamizi akakipokea kwa mikono miwili. Akakinusa. Uso wake ukabadilika.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Akasema tu kwamba mama yake alikianza mwaka aliozaliwa kaka yake mkubwa, na hakijawahi kukauka, hata mwaka wa ukame, hata mwaka mama alipofariki. Maziwa ya leo yalikuwa yanafundishwa na ya jana, hivyo hivyo miaka yote. Akasema, "Umekiua, Baba Samia." Akaingia ndani.

Jilala alikuwa pale na wageni wake. Hapakuwa na aliyecheka. Nilitaka kuomba radhi, nikajikuta naeleza kwamba jiki niliyotumia ni ile nzuri ya duka la kona. Jilala akaniitikia kwa kichwa, polepole, kama anamwitikia mgonjwa.

Nimerudi nyumbani. Sikujiandikisha.

Jumatano, 16 Julai

Zuwena amepiga mwenyewe! Kumbe Nyamizi alishampigia. Anajua kuhusu kibuyu, anajua kuhusu sufuria, anajua hata idadi ya mara nilizosuuza.

Nikamweleza mpango wote tangu mwanzo: tumbo, askari, mikono ya seli. Akasikiliza. Mwishoni akaniuliza kama naamini kweli kwamba aliondoka kwa ajili ya tumbo. Nikamwambia asione aibu, sisi ni mume na mke. Akavuta pumzi ndefu. Akasema amelala na tumbo hilo miaka thelathini na moja na likinyamaza ndipo yeye huamka kuangalia kama niko hai.

Halafu akasema neno lake. Jumamosi atakuja. Akikuta mtu mmoja tu, mmoja, amekaa uani kwetu kwa hiari yake, atafungua begi lake na kubaki. Akinikuta peke yangu na fagio, atachukua nguo zilizobaki na kurudi Tinde, na nisimuulize tena habari za goti.

Mtu mmoja! Segese imejaa watu. Wachimbaji, wauza dagaa, wapiga debe. Nikose mmoja?

Na jambo jingine, karibu nisahau: tumbo limetulia. Siku mbili sasa, kimya. Vidonge vimeisha dukani na sijala kitu zaidi ya mchicha na ugali. Bila shaka ni yale madonge yaliyochemshwa.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeweka viti vinne vya plastiki uani tangu jana asubuhi. Nimeacha lango wazi, jambo ambalo limenipa jasho. Nimesimama barabarani nikawakaribisha wapita njia. Wauza dagaa wawili wakavuka upande wa pili. Mama mmoja akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Msikitini nikamwambia kila mtu karibuni nyumbani. Wakasema inshallah, wakivaa viatu haraka.

Saa kumi, hatimaye! Valerian. Tulilinda lango moja mgodini, zamu za mchana miaka sita. Alikuwa anapita na baiskeli, nikamwita, akaingia. Akakaa! Nilifurahi hata nikamimina chai ikafurika kikombe. Nikamwomba arudi kesho saa sita, akae vilevile. Akakubali. Tukazungumza habari za zamani, za siku nilipomzuia meneja mwenyewe asiingie kwa kukosa kitambulisho. Tukacheka. Mimi na mtu mwingine, tumecheka uani kwangu.

Kisha akauliza kama Mama Samia bado yuko Tinde.

Nikaweka kikombe chini. Kwa nini anauliza? Nikamwuliza amejuaje. Akasema Segese nzima inajua. Nikamwuliza nani hasa kamwambia, lini, na kwa nini amepita barabara hii leo wakati kwao ni upande wa pili. Akasema nilimwita mimi. Nikasema hilo si jibu. Akasimama, akasema amekumbuka mbuzi wake hawajafungwa.

Valerian hana mbuzi. Nilijua tu kuna kitu anaficha.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeamka alfajiri, nikaswali, nikafagia uani mara tatu mpaka ardhi ikabaki na mistari ya fagio, mizuri, sambamba. Nikavaa shati jeupe. Zuwena alikuwa atoke Tinde asubuhi, abadilishe gari Kahama, awe hapa saa sita.

Saa nne na nusu nikasikia hodi.

Jilala. Nyamizi. Watoto wao wawili wakubwa, shemeji mmoja, majirani watatu. Watu wanane! Nyamizi amebeba kile kibuyu. Akasema dada yake ameleta cha kugandishia kutoka Mhunze, kutoka kibuyu cha pili cha mama yao, na kibuyu kimefufuka. Na kwao, katika ukoo wao, kibuyu kikifufuka maziwa ya kwanza hunywewa nyumbani kwa yule aliyekiua, wote pamoja, ili asiogope kurudi kuazima. Jilala akacheka akasema, "Mwangaluka, baba! Tumekuja kukuponya woga." Walikuwa na vigoda vyao kabisa.

Nikawatazama. Nikautazama ua wangu na ile mistari. Watu wanane, miguu kumi na sita! Zuwena alisema mtu mmoja; hakusema mkutano. Na maziwa yakimwagika? Na kwa nini wawe wema ghafla hivi, siku tano baada ya jiki? Mtu uliyemuulia kibuyu hakuletei kinywaji bila sababu. Nimeona mengi langoni.

Nikawaambia kwa adabu sana kwamba namsubiri mgeni muhimu, warudi saa kumi, ikiwezekana wawili wawili, na waanze kwa kuandika majina. Nikamwomba Nyamizi aniachie kikombe kimoja nikakichemshe. Akasema hayanywewi peke yake. Jilala akaniangalia, hakukasirika, ningependa angekasirika. Akasema, "Haya, wabeja," yaani asante. Wakabeba vigoda vyao wakatoka. Nikafagia nyayo zao.

Saa sita, hakuna. Saa sita na nusu nikasikia pikipiki barabarani. Ikapunguza mwendo langoni kwangu. Nilikuwa katikati ya ua na fagio mkononi. Ikaongeza mwendo, ikasimama kwa Jilala.

Halafu kicheko. Kile kicheko nakijua. Kinaanza chini, kinapanda, kinaishia na kikohozi kidogo. Nimechungulia kwenye minyaa. Zuwena amekaa kwenye kigoda, ushungi umelegea, kata mkononi, maziwa juu ya mdomo. Sijamwona hivyo tangu sijui lini. Ni mzuri bado.

Saa tisa amekuja kuchukua nguo. Amekunja taratibu, mifuko miwili. Akauliza kama leo nimepata mtu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, wamejaribu kuingia wanane na hakuna aliyepita. Nilisema kwa fahari, mdomo ulishatangulia. Akakaa kitandani. Akaniuliza nimekula nini. Nikamjibu. Akauliza tumbo. Nikasema sikiliza, kimya kabisa. Akasikiliza. Tulikaa pale sisi wawili tunasikiliza, hakuna kitu, hata saa ya ukutani ilikuwa imeishiwa betri. Akasema, "Nasikia, Baba Samia." Machozi yakamtoka. Nadhani ni ya furaha ya kuona nimepona.

Magari ya Kahama yalikuwa yamekwisha. Amelala kwa Nyamizi.

Jumapili, 20 Julai

Bado yuko upande wa pili. Anaondoka kesho na gari la kwanza.

Saa nne Nyamizi ameniita kupitia fensi, akasema bado wanakunywa, niende. Nikamshukuru nikasema sijisikii. Saa tano Jilala ameniita. Saa tano na robo ameniita Zuwena mwenyewe. Amesimama karibu na minyaa, nimemwona vidole. Akasema, "Njoo, Baba Samia. Njoo ukae tu." Sauti laini, kama alivyokuwa akiniita kula zamani.

Nilinyanyuka. Naapa nilinyanyuka, nikapiga hatua mbili. Kisha nikakumbuka: nikienda, nani atabaki kulinda nyumba? Nikamwuliza hivyo. Alisubiri kidogo pale, halafu vidole vikaondoka.

Sasa wanacheka tena, na yeye yumo. Nimekaa kwenye kimoja cha vile viti vinne na nimelitafakari jambo hili kwa utulivu, na hatimaye nimeuona mzizi wake. Si tumbo. Tumbo limepona. Ni makelele! Yanatoka kwa Jilala kutwa nzima na fensi hii ya miti haizuii kitu. Mwanamke wa umri ule atapumzikaje hapa? Ndiyo maana alinitajia ukimya tangu siku ya kwanza, nami sikumwelewa.

Kesho asubuhi, akishapanda gari, namtafuta fundi. Ukuta wa tofali, juu kuliko kichwa changu, pande zote nne. Zuwena akirudi atakuta pametulia kabisa.